Zege, moramu au kokoto? Uzio unaoanguka huanzia shimoni

Mvua za masika zinapokatika, kuna kazi moja inayoonekana karibu kila kijiji hapa mkoani Morogoro, kuanzia Mvomero na Kilosa hadi bonde la Kilombero. Watu wanasimamisha tena nguzo zilizolala. Seng'enge bado nzima, misumari bado inashika, lakini nguzo imekatika. Ukiitazama pale ilipokatikia, mara nyingi ni mahali palepale: sentimita chache chini ya uso wa ardhi.

Msikilizaji, nguzo ni jambo dogo mpaka inapoanguka usiku. Ng'ombe akitoka zizini, asubuhi anakutwa kwenye mahindi ya jirani, na hapo mazungumzo hayahusu tena nguzo. Mkoa wetu unajua mambo hayo yanaweza kufika wapi. Desemba 2000, mapigano ya wakulima na wafugaji katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, yaliua watu zaidi ya 30. Uzio peke yake haumalizi mgogoro wa ardhi. Lakini uzio ulio imara huzuia ugomvi mdogo wa kila siku, ule unaokua taratibu mpaka unakuwa mkubwa.

Kwa miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikiwahimiza wafugaji kumiliki maeneo yao, kupanda malisho na kuacha kuhamahama. Wakulima nao wanazungushia bustani na miti ya matunda. Shule na zahanati zinajengewa uzio. Maana yake ni kwamba nguzo nyingi zinachimbiwa kuliko zamani, na familia nyingi zinauza ng'ombe au kukopa kwenye kikundi ili kununua nguzo hizo. Swali la leo ni hili: nguzo ikishaingia shimoni, ujaze nini pembeni yake ili pesa hiyo isioze ndani ya misimu mitatu?

Jibu la mafundi wengi ni fupi: "Mimina zege." Jibu hilo ni sahihi kwa nguzo fulani na ni hasara kwa nguzo nyingine.

Nguzo huoza wapi, na kwa nini

Mti hauozi kwa sababu ya maji peke yake. Huozeshwa na kuvu, na kuvu anahitaji vitu viwili kwa pamoja: unyevu na hewa. Juu ya ardhi kuna hewa nyingi, lakini mti hukauka baada ya mvua. Chini kabisa ya shimo kuna unyevu, lakini hewa ni haba. Pale katikati, kuanzia usawa wa ardhi kushuka kama sentimita 30, vyote viwili vipo mwaka mzima. Hapo ndipo kuvu hufanya kazi yake. Mchwa nao hupitia hapohapo.

Ndiyo maana nguzo inaweza kuonekana nzima juu, ukiing'oa ukaikuta nzima pia chini, lakini kiunoni imebaki kama mwiko wa ugali. Kwa hiyo kila uamuzi kuhusu shimo upimwe kwa swali moja: je, maji yataondoka haraka pale kiunoni mwa nguzo, au yatakaa?

Zege ni rafiki wa nguzo gani?

Kwa nguzo ya chuma au nguzo ya zege iliyosukwa kwa nondo, kumimina zege shimoni ni sawa. Vitu hivyo haviozi, na zege huvishika visiyumbe.

Kwa nguzo ya mti, hali ni tofauti. Mti hunywa maji na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Zege halifuati mwendo huo. Baada ya kiangazi cha kwanza panabaki mwanya mwembamba kati ya mti na zege. Mvua zikirudi, maji hushuka kwenye mwanya huo, na kama zege limeziba hadi chini ya nguzo, maji hayana pa kutokea. Umeijengea nguzo yako kikombe, na mti unaokaa kwenye kikombe cha maji huoza mapema kuliko ule uliofukiwa kwa udongo mzuri ulioshindiliwa.

Kama ni lazima utumie zege kwenye nguzo ya mti, mfano nguzo ya geti, fuata mambo matatu. Kwanza, weka kokoto sentimita 10 hadi 15 chini ya shimo, kisha simamisha nguzo juu ya kokoto hizo, ili zege likae pembeni ya nguzo tu. Pili, zege lipande mpaka juu kidogo ya usawa wa ardhi. Tatu, ulilainishe kwa juu likiwa na mteremko wa kutoka kwenye nguzo kwenda nje, kama paa, ili maji yakimbie.

Hesabu ya saruji kwa ekari moja

Tuchukue shamba la ekari moja lenye umbo la mraba. Mzunguko wake ni karibu mita 254. Ukiweka nguzo kila mita 3, unahitaji nguzo kama 85.

Shimo la kawaida lina upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 60. Nguzo ina unene wa sentimita 10. Ukichanganya zege la ndoo moja ya saruji, ndoo mbili za mchanga na ndoo nne za kokoto, mfuko mmoja wa kilo 50 utatosha mashimo kama manne. Kwa nguzo 85 utahitaji mifuko 21 au 22 ya saruji. Zidisha kwa bei ya duka la hapo kijijini, ongeza mchanga, kokoto, maji na usafiri. Wanaokumbuka jinsi bei ya saruji ilivyopanda ghafla nchini mwishoni mwa 2020 wanajua pia kwamba hesabu hiyo inaweza kubadilika kabla hujamaliza upande mmoja wa shamba.

Sasa tazama uzio unavyofanya kazi. Nguzo za katikati hubeba waya tu zisilale. Nguzo zinazovutwa kwa nguvu ni za kona na za geti, kwa sababu waya wote umekazwa kwao. Kona ikilegea, upande mzima hulegea. Kwa hiyo saruji ipelekwe huko. Kona nne na nguzo mbili za geti, kila moja kwenye shimo la upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 90, zitakula mifuko minne hivi. Nguzo 79 zilizobaki fukia kwa udongo au moramu na kuzishindilia vizuri.

Mifuko 4 badala ya 21. Tofauti hiyo inunulie nguzo bora, kwa sababu hakuna zege litakaloiokoa nguzo dhaifu.

Usisahau miguu ya kuegemeza kona. Kila kona ina waya wa pande mbili unaoivuta, basi iwekee nguzo mbili za mshazari, moja kila upande, ili isilale kwa ndani. Kona yenye miguu hiyo na udongo ulioshindiliwa hudumu kuliko kona yenye zege jingi isiyo na mguu hata mmoja.

Soma udongo wako kwanza

Ushauri wa jirani unaweza kuwa mzuri shambani kwake na mbaya kwako, kwa kuwa udongo ni tofauti.

Kwenye udongo mwekundu au tifutifu unaopitisha maji, rudishia udongo uleule uliouchimba. Siri iko kwenye kushindilia. Usimwage udongo wote ukaukanyaga kwa juu. Weka sentimita 15, shindilia kwa mtaimbo au gogo mpaka mlio ubadilike, ndipo uweke tabaka lingine. Udongo uwe na unyevu kidogo. Mkavu sana haushikani, na tope halishindiliki. Ukimaliza, tengeneza kichuguu kidogo kuzunguka nguzo ili maji yasituame.

Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, mambo ni magumu zaidi. Udongo huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, kwa hiyo huinyanyua nguzo kidogo kidogo kila mwaka. Wengi hudhani kokoto ndizo dawa yake, lakini shimo lililojazwa kokoto katikati ya mfinyanzi hugeuka ndoo. Maji ya shamba hukusanyika humo na hayaondoki. Chimba zaidi, sentimita 75 hadi 90, ili nguzo ipite chini ya tabaka linalopasuka sana. Jaza moramu iliyoshindiliwa badala ya kurudishia ule mweusi. Ukitaka nguvu zaidi, changanya ndoo moja ya saruji na ndoo 12 za moramu yenye unyevu, kisha shindilia. Mchanganyiko huo hugandamana vizuri na hutumia saruji kidogo sana kuliko zege.

Kwenye mchanga, maji hupita haraka na nguzo haiozi upesi, lakini hulegea. Hapo panua shimo, kaza nguzo kwa mawe yaliyopachikwa kwa nguvu chini na juu, kisha jaza moramu katikati ya mawe. Zege la kona ni muhimu zaidi huku kuliko kwingine.

Na mahali maji yanaposimama kwa wiki nzima, jiulize kwanza kama uzio wa nguzo za miti unafaa hapo. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 hadi 2024 ziliacha mashamba mengi ya mabonde ya Kilombero na Rufiji chini ya maji. Hata TANESCO imekuwa ikiondoa nguzo za miti na kusimamisha za zege kwenye maeneo oevu. Shirika lenye mafundi na magari limeona kwamba mti hauwezi kushindana na kinamasi. Mkulima mwenye nguzo za kukata porini hatakuwa na bahati zaidi.

Mti gani, na dawa gani?

Ukikata mti ukautazama kwa upande, utaona sehemu mbili: kiini cheusi au chekundu katikati, na sehemu nyeupe ya nje. Nguvu ya kupambana na kuvu na mchwa iko kwenye kiini. Sehemu nyeupe huliwa haraka, hata kama mti ni mpingo. Kwa hiyo fito nyembamba ya mti mgumu, ambayo karibu yote ni nyeupe, haina maajabu yoyote ardhini.

Miti yenye kiini kinachodumu, kama mpingo, mninga na mkongo, imepungua sana, na huruhusiwi kuikata kiholela. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, miti iliyohifadhiwa inahitaji kibali hata ikiwa nje ya msitu wa hifadhi. Ukikamatwa na mzigo usio na kibali, uzio wako utakuwa umegharimu zaidi ya ule wa chuma.

Njia iliyobaki kwa wengi ni nguzo za mikaratusi na paini kutoka Mufindi na Njombe. Mikaratusi mibichi isiyotiwa dawa huoza haraka ikiwa ardhini. Nguzo iliyotiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo ni jambo tofauti kabisa, kwa kuwa dawa husukumwa ndani ya mti badala ya kupakwa juu. Nyingi huwa na rangi ya kijani, kwa sababu ya shaba iliyomo kwenye dawa.

Lakini rangi ya kijani hupakika kwa brashi pia. Muulize muuzaji akukatie kipande cha nguzo moja. Kama ukijani umeishia kwenye ganda la nje, unene wa ukucha, hiyo ni rangi tu. Kama umeingia sehemu yote nyeupe mpaka kufikia kiini, ni nguzo. Na ukilazimika kuipunguza urefu, kata upande utakaokuwa juu. Ukiukata upande wa chini na kuuzika, umeufungulia mchwa mlango pale ambapo dawa haikufika.

Vipi oili chafu ya gari? Ni kawaida kuipaka, na kwa miezi michache mchwa huweza kusita. Lakini haiingii ndani ya mti, mvua huisukuma kwenye udongo, na kama kisima kiko karibu hilo ni tatizo jingine. Kuchoma ncha ya nguzo kwa moto nako hakusaidii kama wengi wanavyoamini. Moto huacha nyufa, na kuvu hupita kwenye nyufa hizo hadi kwenye mti mbichi wa ndani.

Tahadhari: nguzo ya dawa si kuni

Hapa naomba msikilizaji usome taratibu. Dawa ya kijani inayotumika sana kwenye nguzo imetengenezwa kwa shaba, kromi na aseniki. Aseniki ni sumu. Marekani, watengenezaji waliacha kuuza mbao za dawa hiyo kwa matumizi mengi ya nyumbani kuanzia mwisho wa 2003, ingawa matumizi ya nguzo za mashambani na za umeme yaliendelea.

Nguzo ikiwa imesimama, si hatari kwa anayepita. Hatari ipo ukiichoma. Moshi wake una sumu, na majivu yake yana sumu zaidi. Usipikie vipande vyake, usikaushie samaki, usimwage majivu yake bustanini. Usitengenezee kihori cha kulishia mifugo wala kizimba cha kuku wa mayai. Ng'ombe hulamba majivu kwa kutafuta chumvi, na majivu ya nguzo hiyo yanaweza kumuua. Vivyo hivyo kwa nguzo ya umeme iliyoanguka: hiyo ni mali ya shirika, ina dawa, na mara nyingine ina waya wenye umeme. Piga simu, usiiguse.

Nguzo za zege, chuma na uzio hai

Nguzo ya zege ni nzito na bei yake ni kubwa, lakini mchwa hali zege. Udhaifu wake ni nondo iliyo ndani. Nondo ikiwa karibu na uso, maji huifikia, inashika kutu, inavimba na kuipasua nguzo. Ukinunua, tafuta nguzo isiyo na nyufa wala nondo inayochungulia. Ukifyatua mwenyewe, acha angalau sentimita mbili na nusu za zege kufunika nondo, mwagilia nguzo kwa siku saba, na usiikazie waya kabla ya siku 28. Nguzo iliyokauka juani siku ya pili ni unga ulioshikana tu.

Nguzo ya chuma nayo huliwa pale pale kiunoni. Ipake lami au rangi ya kuzuia kutu kuanzia sentimita 20 chini ya ardhi hadi 20 juu, na kama ni bomba, liziba juu. Mvua ikiingia ndani ya bomba, litaoza kutokea ndani bila wewe kuona.

Na kwa asiye na fedha za yoyote kati ya hizo, nguzo inayodumu zaidi ni ile iliyo hai. Minyaa, mbono kaburi na glirisidia hushika kwa kipande tu ukikipanda mwanzoni mwa mvua. Uzio huo unahitaji miaka miwili au mitatu kabla haujamzuia ng'ombe, kwa hiyo upande leo kando ya nguzo ulizo nazo. Nguzo zikioza, uzio utakuwa umeshakua. Utomvu wa minyaa huumiza macho vibaya, na mbegu za mbono ni sumu kwa watoto. Waambie mapema.

Kabla hujachimba shimo la kwanza

Nguzo imara kwenye mpaka usio sahihi ni mwanzo wa kesi. Ardhi nyingi ya vijijini iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na mwenye dhamana ya kuisimamia ni halmashauri ya kijiji. Kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi, mapito ya mifugo na njia za kwenda kwenye maji yameonyeshwa humo. Uzio unaoyaziba utavunjwa hata ukiwa wa zege, na kuvunjwa kwake huweza kuleta yale yale uliyojaribu kuyakwepa. Mwite mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa pande zote, tembeeni mpaka pamoja, wekeni alama, andikeni na msaini. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja na haihitaji saruji.

Kwa ambao uzio umeshasimama, ukaguzi ni rahisi. Chagua nguzo kumi, anza na za kona. Fukua udongo sentimita 15 kuzunguka kila nguzo, kisha choma mti kwa bisibisi au ncha ya kisu. Ikigoma, rudishia udongo, shindilia, inua kichuguu. Ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, nguzo hiyo haitavuka masika yajayo, hata kama juu inaonekana ngangari. Fanya kazi hiyo wakati wa kiangazi, nafasi ya kuibadilisha ikiwa bado ipo na mahindi ya jirani yakiwa bado ghalani kwake.